Dawa Ipitayo Figoni: Historia ya Kuipima Kazi ya Figo kwa Picha za Sumaku, Ikitazamwa kutoka Bukoba na Muleba

Katika viungo vyote alivyojaaliwa mwanadamu, figo ndiyo yenye subira kupita kiasi. Moyo ukidhurika hupiga kwa fujo, na tumbo likidhurika huuma, lakini figo huweza kupoteza nusu ya nguvu zake ilhali mwenyewe analima migomba yake na kulala usingizi wa raha, wala hana habari kwamba ndani ya mwili wake kuna kazi inayoharibika. Kwa sababu ya subira hiyo, sehemu kubwa ya utabibu wa figo tangu karne ya 19 imekuwa juhudi ya kutafuta njia ya kuifanya figo iseme kabla haijafa. Njia mojawapo ni kupiga picha za mashine ya MRI huku dawa yenye madini ya gadoliniamu ikipita katika damu, na habari yake ndiyo nikusudiayo kuisimulia: ilikotoka, iliyoyaahidi, hofu iliyozusha, na umbali uliopo baina yake na mgonjwa wa mkoa wa Kagera. Nimeichagua nchi ya Bukoba na Muleba kwa kusudi, maana ni nchi iliyojaribiwa na maradhi mengi yavunjayo figo, nayo iko ng'ambo ya ziwa kwa yeyote atafutaye mashine kubwa.

Mkojo mweusi na kijiko cha Bright: kabla ya 1914

Mji wa Bukoba ulianzishwa na tabibu. Mnamo Novemba 1890 Emin Pasha, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, na ambaye kabla ya kuwa mtawala na msafiri alikuwa amesomea uganga Ujerumani, alijenga boma kando ya Ziwa Viktoria. Haukupita muda mrefu kabla ya utabibu mkubwa zaidi kuielekea nchi hiyo. Mwaka 1897 Robert Koch, mwanazuoni aliyevumbua kijidudu cha kifua kikuu, alifika Dar es Salaam akitoka Bara Hindi alikokuwa akichunguza tauni. Na kwa vielelezo vilivyoletwa na Zupitza, tabibu wa jeshi aliyetumwa Kiziba, kaskazini ya Bukoba, Koch alithibitisha kuwa maradhi yaliyokuwa yakiwamaliza watu wa huko yalikuwa tauni ile ile.

Lakini katika safari hiyo hiyo Koch alishughulika na maradhi mengine, ambayo kwa habari yetu yana uzito zaidi, nayo ni homa ya mkojo mweusi. Mgonjwa wa malaria, aghalabu mgeni aliyekuwa akimeza kwinini bila utaratibu, alishikwa na baridi kali, kisha mkojo wake ukatoka mweusi kama kahawa, kwa kuwa chembe nyekundu za damu zilikuwa zikipasuka kwa wingi na rangi yake kumwagika katika figo. Wengi walikufa si wakati wa homa yenyewe bali siku chache baadaye, mkojo ulipopungua, ukakoma, na sumu za mwili zikakosa njia ya kutokea. Koch alishikilia ya kwamba kwinini yenyewe ndiyo iliyoyaleta maradhi hayo kwa wengi. Wenzake walimpinga, na elimu iliyokuja baadaye ikaonyesha kuwa malaria na dawa yake hushirikiana katika dhara hilo. Hata hivyo, swali lake lilikuwa la haki, nalo halijafa, kwa kuwa dawa inayomwokoa mgonjwa upande mmoja imekuwa mara nyingi ikizidhuru figo zake upande mwingine.

Tabibu wa zama hizo alikuwa na zana gani ya kumwonya mapema? Alikuwa na macho yake, darubini, na kijiko. Richard Bright wa Hospitali ya Guy's mjini London, ambaye taarifa yake kubwa ilitoka mwaka 1827, alikuwa akitia mkojo wa mgonjwa katika kijiko na kuuchemsha juu ya mshumaa: mkojo safi hubaki ulivyo, bali wa mtu mwenye figo mbovu huganda na kuwa mweupe, kwa sababu umechukua protini ambayo figo nzima isingeiachilia. Akawapasua maiti wa watu hao hao, akakuta figo zimesinyaa na zenye kukwaruza. Kipimo hicho hakikuhitaji umeme wala fundi, na kwa njia moja au nyingine ndicho kilichotumika katika zahanati za wamisheni na za serikali kwa miaka mingi.

Mizani ya damu: 1886 hadi katikati ya karne ya 20

Kasoro ya kijiko ni kwamba kinaonyesha figo inavuja, bali hakisemi inafanya kazi kiasi gani. Mwaka 1886 Max Jaffe wa Königsberg aligundua namna ya kuipaka rangi kreatinini, taka itokanayo na misuli, na mwaka 1926 Rehberg wa Denmark akaitumia taka hiyo kukadiria kiasi cha maji ambacho figo huchuja kwa dakika. Katika miaka ya 1930 Homer Smith na wenzake mjini New York wakatafuta kitu bora zaidi, wakakipata katika inulini, sukari ya mizizi ya mimea, ambayo ikidungwa katika mshipa hupita kwenye vichujio vya figo bila kurudishwa wala kuongezwa njiani, hata kiasi kitokacho katika mkojo kikawa shahidi mwaminifu wa kiasi kilichochujwa. Tangu hapo ikajulikana kwamba mtu mzima mwenye afya huchuja takriban mililita 120 kwa dakika, yaani lita zaidi ya 170 kwa siku, na karibu maji yote hayo hurudishwa katika damu.

Njia ya pili ilianza kwa Röntgen na eksirei yake ya mwaka 1895. Eksirei huona mifupa, lakini figo ni nyama laini na mbele ya miali hiyo haina kivuli. Mwaka 1929 kijana wa Kimarekani aliyekuwa akisoma Ujerumani, Moses Swick, alionyesha kuwa dawa yenye iodini, ikidungwa katika mshipa wa mkono, hukusanywa na figo na kutolewa katika mkojo, na wakati ikipita, figo na mifereji yake huonekana katika picha. Wazo ambalo habari yetu yote inalitegemea lilizaliwa hapo: kwamba dawa ipitayo figoni huifichua figo. Ila tangu siku hiyo limekuwa na upande wake wa giza, kwa kuwa figo iliyo mgonjwa ndiyo inayoshindwa kuitoa dawa hiyo.

Nchi zilizo leo wilaya ya Muleba, yaani Ihangiro na upande wa Kamachumu, zilipata hospitali zake kwa mikono ya wamisheni: Walutheri huko Ndolage, na Wakatoliki huko Rubya na Kagondo. Ni hospitali ambazo watu wa vilima vile huzitaja kwa heshima, na mimi nasema ni haki yao, kwa maana kwa vizazi kadhaa mgonjwa wa mkojo mweusi, mama aliyeshikwa na kifafa cha mimba, na mtoto aliyevimba uso na miguu, hawakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Kipimo cha kreatinini kilipofika katika maabara za hospitali za nchi yetu kilikuwa neema kubwa, lakini kina udhaifu ambao kila mganga wa bara anapaswa kuujua. Kreatinini hutokana na misuli. Kwa hiyo mtu aliyekondeshwa na maradhi ya muda mrefu huwa na kiasi kidogo chake, na karatasi ya maabara humwambia mganga kuwa figo ni nzima ilhali zimekwisha kuchakaa. Tena, hata kwa mtu mnene, kreatinini haipandi sana mpaka sehemu kubwa ya kazi ya figo imepotea. Wala haisemi lolote juu ya figo ya kulia na ya kushoto: ni mizani moja kwa watu wawili waliopanda pamoja.

Sumaku na gadoliniamu: 1946 hadi 1988

Mwaka 1946 Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja kwa upande wake nchini Marekani, walionyesha kwamba viini vya haidrojeni vikiwekwa ndani ya sumaku kali na kusukumwa kwa mawimbi ya redio hujibu vyenyewe kwa ishara. Kwa robo karne jambo hilo lilikuwa mali ya wanakemia. Raymond Damadian alidai mwaka 1971 kwamba ishara za uvimbe wa saratani ni tofauti na za nyama nzima. Mwaka 1973 Paul Lauterbur akaonyesha namna ya kuzigeuza ishara kuwa picha. Peter Mansfield wa Nottingham akapata hesabu za kuharakisha kazi hiyo. Na tarehe 3 Julai 1977 Damadian na wasaidizi wake walipiga picha ya kwanza ya kifua cha mtu mzima, kazi iliyowachukua karibu saa tano. Lauterbur na Mansfield walitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji yamejaa haidrojeni, ndiyo maana sumaku huona nyama laini vizuri kuliko eksirei. Hata hivyo kuona umbo si kuona kazi. Kilichohitajika ni kitu cha kupita, kama iodini ya Swick, nacho kilipatikana katika gadoliniamu, madini yaliyogunduliwa mwaka 1880 na Marignac wa Uswisi, ambayo kwa tabia yake ya kisumaku huyafanya maji yaliyo jirani nayo yarejee haraka katika mpangilio wake, na kwa hiyo mahali ilipo hung'aa pichani. Gadoliniamu ikiwa peke yake ni sumu. Hanns-Joachim Weinmann na wenzake katika kampuni ya Schering ya Berlin waliifunga ndani ya kemikali iitwayo DTPA, kama ndege mkali afungiwaye tunduni. Taarifa za kuitumia kwa wagonjwa zikachapishwa mwaka 1984, na mwaka 1988 dawa hiyo ikaruhusiwa kuuzwa kwa jina la Magnevist.

Ilikusudiwa hasa kwa ubongo. Lakini DTPA ina tabia iliyowapendeza waganga wa figo: huchujwa na figo tu, hairudishwi wala haiongezwi njiani, mfano wa inulini ya Homer Smith. Waganga wa tiba ya nyuklia walikuwa wamekwisha kuitumia DTPA hiyo hiyo ikiwa imebeba teknetiamu, chembe itoayo miali, ili kuhesabu kazi ya kila figo. Sumaku ilileta hesabu hiyo pamoja na picha kamili, bila miali ya hatari.

Yafaa msomaji auone utaratibu wenyewe kwa karibu. Mgonjwa amelazwa ndani ya mashine, amenyweshwa maji ya kutosha, na mara nyingine amepewa dawa ya kukojoza. Dawa ya picha, mililita chache tu, inadungwa mkononi ilhali mashine inapiga picha moja baada ya nyingine na mgonjwa anaambiwa azuie pumzi. Katika nusu dakika ya kwanza gamba la nje la figo hung'aa ghafla, maana damu ndipo inapofikia kwanza, na katika gamba hilo ndimo vilimo vichujio, takriban milioni moja katika kila figo. Baada ya dakika moja au zaidi mwangaza huingia katika sehemu ya ndani, mpaka gamba na kiini visiweze kutofautishwa. Kisha dawa hushuka katika mifereji, na hapo hutokea jambo la kushangaza: ikikusanyika kwa wingi mno, mahali pale huwa peusi badala ya kung'aa, ndiyo sababu ya kipimo kuwa kidogo na maji kuwa mengi. Kompyuta hufuata kupanda na kushuka kwa mwangaza katika kila figo, na kwa hesabu hukadiria damu inayofika na maji yanayochujwa, kulia mbali na kushoto mbali.

Faida ya kutenganisha figo mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtoto aliyezaliwa na mfereji uliobanwa, mama ambaye saratani ya shingo ya kizazi imeuziba mfereji mmoja, ndugu anayetaka kumtolea mwenziwe figo: hawa wote swali lao si jumla, bali ni mgawanyo. Huko Atlanta, Grattan-Smith na Jones waliijenga njia hii kwa ajili ya watoto. Mjini New York Vivian Lee na wenzake waliijaribu kwa watu wazima. Ila ugumu haukukosekana. Mwangaza hauongezeki sawasawa na kiasi cha dawa, figo hupanda na kushuka kwa pumzi, na hesabu za hospitali moja hazikulingana daima na za nyingine. Kwa hiyo njia imebaki zaidi katika vyuo na hospitali za mabingwa.

Kagera katika miaka hiyo hiyo

Wakati Berlin ikiifunga gadoliniamu, Kagera ilikuwa katika msiba juu ya msiba. Vita na Uganda vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha kuuharibu mpaka wake wa kaskazini. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huo, na haukupita muda vijiji vya Bukoba na Muleba vikajaa makaburi mapya katika migomba na yatima waliolelewa na bibi zao. Mwaka 1984, ambao ndio mwaka wa taarifa zile za gadoliniamu, madaktari wa New York na Miami walieleza kuwa maradhi hayo huziharibu figo pia. Katika Kagera hapakuwa na nafasi ya kuliuliza swali hilo. Mgonjwa alikufa, na kilichomuua kikaitwa kwa jina moja tu.

Dawa za kufubaza virusi zilipofika, watu walirudi kutoka mlangoni pa mauti. Lakini tenofoviri, mojawapo ya dawa zilizo msingi wa tiba hiyo, huweza kuidhuru figo, nalo swali la Koch likarudi kwa sura nyingine. Malaria nayo haikuondoka: Muleba ilipigwa na milipuko mikali, na baadaye wilaya hiyo ikawa uwanja wa utafiti wa vyandarua vya aina mpya, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Juu ya hayo yote yameongezeka maradhi ya shinikizo la damu na kisukari, ambayo zamani yalidhaniwa kuwa ya watu wa mijini.

Hofu: 1997 hadi 2007

Mwaka 1997 huko California walionekana wagonjwa wa figo ambao ngozi yao ilikuwa ngumu kama ubao, viungo vikakunjika na kushindwa kukunjuka. Maradhi hayo mapya yalitangazwa mwaka 2000, na kwa miaka sita hakuna aliyejua chanzo chake. Mwaka 2006 Grobner, tabibu wa Austria, aligundua kwamba wagonjwa wake walikuwa wote wamepigwa picha za MRI kwa dawa ya gadoliniamu. Waganga wa Denmark wakathibitisha. Na mwaka 2007 serikali ya Marekani ikaamuru onyo kali liandikwe juu ya dawa hizo.

Sababu ilieleweka. Mtu mwenye figo nzima huitoa dawa hiyo kwa saa chache, bali kwa mtu ambaye figo zake zimekufa hukaa siku nyingi, na kemikali za namna ya kwanza, ambazo umbo lake ni la mnyororo ulio wazi, zikaiachia gadoliniamu ikaingia katika nyama. Hivyo dawa iliyofaa kuipima figo ikawa haramu kwa wale ambao figo zao zilihitaji kupimwa zaidi. Wataalamu wengi waliiacha kwa miaka. Wengine wakatafuta picha za sumaku zisizohitaji dawa yoyote. Baadaye zikashika nafasi kemikali za umbo la duara lililofungika, zisizoachia madini yake kwa urahisi; mwaka 2017 Ulaya ikasimamisha sehemu kubwa ya zile za zamani, na mwaka 2021 vyama vya waganga wa picha na wa figo vya Marekani vikatamka kwa pamoja kwamba hatari ya hizi mpya, hata kwa figo dhaifu, ni ndogo mno. Mimi naiona habari hii kuwa ya kutia moyo, kwa kuwa hofu ile haikuizima elimu, bali iliilazimisha itengeneze dawa yenye amana.

Ziwa katikati: 2015 hadi leo

Tarehe 9 Novemba 2015 Rais John Magufuli, siku chache baada ya kuapishwa, aliingia Hospitali ya Muhimbili bila taarifa, akakuta mashine za MRI na CT hazifanyi kazi, akaamuru zitengenezwe. Watanzania wengi walisikia jina la MRI kwa mara ya kwanza siku ile. Miaka miwili baadaye, Novemba 2017, hospitali hiyo hiyo ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini kwa msaada wa mabingwa kutoka India, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Kutokana na mkopo wa serikali wa mwaka 2021, wa shilingi trilioni 1.3, hospitali za rufaa za mikoa zilipelekewa mashine za CT. Mashine za MRI zilizopo nchini zina kazi tele ya ubongo na uti wa mgongo, na kuzitumia kwa kuhesabu kazi ya figo ni jambo la nadra.

Mgonjwa wa Bukoba au Muleba aghalabu hupewa barua ya rufaa kwenda Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Huweza kupanda MV Victoria jioni, ikapitia Kemondo na kulala majini hadi asubuhi, au kwenda kwa basi kupitia Biharamulo na Geita, njia ambayo hadi Juni 2025 ilikatizwa na kivuko cha Busisi, na sasa inavushwa na daraja. Atokaye Goziba au Bumbile, visiwa vya Muleba, huanza kwa mtumbwi. Nauli, chakula cha msindikizaji na siku za shamba kukaa bila mtu ni sehemu ya bei ya kipimo, ingawa haziandikwi katika risiti.

Tena kuna jambo la nyumbani lisilosahaulika. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa huambiwa apunguze potasiamu, maana ikizidi husimamisha moyo. Na potasiamu imejaa katika ndizi na maharage, ambavyo ndivyo chakula cha Mhaya, mwenyeji wa nchi hii, asubuhi na jioni. Hushauriwa amenye ndizi, azikatekate, azichemshe kwa maji mengi, na ayamwage maji yale. Kwa mpishi wa Kihaya, ambaye utamu wa ndizi kwake umo katika mchuzi wake, hukumu hiyo ni nzito, na ni haki mgonjwa asipewe kabla ya kuthibitika kwamba anaistahili, wala asicheleweshewe kama anaistahili. Hapo ndipo usahihi wa kipimo unapoacha kuwa shughuli ya vyuo tu na kuingia jikoni.

Hivi karibuni kumetokea utafiti jirani kabisa na Kagera. Katika kijiji cha Kyamulibwa, upande wa Masaka nchini Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, na vilevile Malawi na Afrika Kusini, wataalamu waliwapima watu zaidi ya 2,500 kwa ioheksoli, dawa ya picha ya eksirei, jamaa ya ile ya Swick, safari hii si kwa kupiga picha bali kwa kuhesabu namna inavyotoweka katika damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: hesabu za kreatinini zilizotungwa Marekani na Ulaya zilizisifu figo za Waafrika kupita zilivyo, na wagonjwa wengi walikuwa wamefichika. Kipimo hicho hutaka sindano, saa ya mkononi na damu inayoweza kuhifadhiwa na kusafirishwa, kwa hiyo naamini kinaweza kuifikia Muleba kabla ya sumaku, na kingefaa kwanza kwa watumiao dawa za virusi na wenye kisukari.

Sumaku, kwa upande wake, isibanwe na foleni ya kila mwenye kreatinini iliyopanda. Ina watu wake. Mtoto ambaye ultrasaundi ya wilayani imeonyesha figo moja imejaa maji na mwenziwe ni nzima, ilhali kreatinini yake haina neno, ndiye wa kuvushwa. Na mganga anayemwandikia barua asiishie kuandika "MRI ya tumbo", bali aandike swali lenyewe: figo hii iliyovimba inachuja sehemu gani ya kazi yote, na je, bingwa wa upasuaji auzibue mfereji wake au aiondoe?